Muhogo Mchungu na Gharama ya Haraka: Historia ya Chakula Chenye Sumu Katika Afrika Mashariki na Kati

Utangulizi

Miongoni mwa vyakula vikuu vya binadamu, ni vichache vinavyoweza kumlemaza mlaji kwa sababu tu mtayarishaji alipunguza siku mbili katika kazi yake. Muhogo mchungu ni kimojawapo. Mamilioni ya watu, kuanzia pwani ya Msumbiji hadi bonde la mto Kongo, huula kwa amani. Watoto wao hukua kwa ugali wake, na wapo wakulima wanaoupenda kuliko muhogo mtamu. Hata hivyo, mzizi huohuo ukiliwa bila maandalizi yanayostahiki huweza kumtapisha mtu mzima na kumuua mtoto kwa mlo mmoja. Ukiliwa hivyo kwa majuma kadhaa mfululizo, katika nyumba isiyo na kitoweo, huweza kumwachia msichana miguu iliyokakamaa kwa maisha yake yote.

Historia ya zao hili imezoea kuandikwa kama historia ya mabaharia walioleta mbegu, watawala walioamuru lipandwe, na wataalamu waliopima mavuno yake. Mhadhara huu unaitazama historia hiyo kutoka upande wa kinu, mtungi na uanio. Hoja yake kuu ni kwamba sumu ya muhogo haikuwa siri kwa wale waliouandaa. Maarifa ya kuiondoa yalikuwapo, yalikuwa na hatua zake na siku zake, na yalihifadhiwa katika msamiati ambao bado unatumika. Watu waliodhurika, kwa sehemu kubwa, hawakudhurika kwa ujinga. Walidhurika pale waliponyang'anywa muda: na ukame, na vita, na baadaye na soko. Kwa hiyo anayetaka kuielewa historia ya sumu hii hana budi kuichunguza pia historia ya muda, na anayetaka kuichunguza historia ya muda hana budi kuyasikiliza maneno ya jikoni.

Mgeni Aliyefika Bila Vyombo Vyake

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako wenyeji wa bonde la Amazon waliulima na kuuboresha maelfu ya miaka kabla ya kufika kwa Wazungu. Wenyeji hao waliifahamu vyema sumu yake. Waliukuna mzizi, wakautia katika mfuko mrefu wa kusukwa uitwao tipiti, wakauvuta mfuko huo hadi maji yakatoka, kisha wakaukaanga unga uliobaki. Hata yale maji yenye sumu hawakuyatupa yote. Waliyachemsha kwa muda mrefu hadi yakawa mchuzi wa kuungia samaki na nyama.

Wareno waliuleta mmea huu katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16. Upande wa mashariki uliingia kwa kupitia vituo vya Wareno na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kufikia karne ya 19 ulikuwa umekwisha kuzoeleka Unguja na kandokando ya njia za misafara ya bara. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili kiliazima kutoka Kireno maneno kama meza, leso na gereza, lakini hakikuliazima jina la Kireno la mmea huu. Muhogo ulipata jina lenye umbo la Kibantu, ukaingia katika ngeli ya miti, na wingi wake ukawa mihogo, kana kwamba ulikuwapo siku zote.

Ama kuhusu vyombo vya kuutayarisha, habari ni tofauti. Mmea ulisafiri, lakini tipiti haikufika Afrika Mashariki. Waliopokea mbegu walipaswa kuipatia sumu dawa kwa vyombo walivyokuwa navyo wenyewe: mtungi, kinu, kijito, jua na kivuli. Kwa bahati njema hawakuanza kutoka mwanzo. Katika nchi nyingi za bara na nyika, watu walikuwa wakichimba viazi vya porini wakati wa njaa, vikiwamo vile viitwavyo ndiga, ambavyo haviliki mpaka vikatwe vipande vyembamba na kulowekwa kwa siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa au yanayotiririka. Fikra ya kwamba mzizi wenye sumu unaweza kugeuzwa chakula kwa maji na subira haikuwa ngeni kwao.

Ushahidi wa kimaandishi wa karne ya 19 unathibitisha jinsi maarifa hayo yalivyokuwa yamekomaa. David Livingstone, aliyepita katika nchi ya Balonda mwaka 1854 na kuchapisha habari za safari yake mwaka 1857, alieleza kwamba huko kulikuwa na aina mbili za muhogo: mmoja mtamu usio na madhara, na mwingine mchungu wenye sumu lakini unaokomaa upesi zaidi. Kukomaa upesi huko, kwa maoni yake, ndiko kulikofanya aina ya pili isiachwe. Alieleza pia kwamba wenyeji waliuloweka muhogo mchungu kwa siku nne, wakautoa ukiwa umeanza kuvunda, wakaumenya, wakauanika, na hatimaye wakautwanga kuwa unga mweupe. Taratibu hiyo, aliyoiandika mgeni kwa sentensi chache, ni ileile ambayo maabara za karne ya 20 zilikuja kuipima na kuiona kuwa miongoni mwa njia bora kabisa za kuondoa sumu ya muhogo.

Jinsi Sumu Inavyofanya Kazi

Ili kuipa taratibu hiyo heshima inayostahiki, ni muhimu kueleza kwa ufupi kinachotendeka ndani ya mzizi. Muhogo hauna sianidi iliyokaa tayari ikisubiri mlaji. Una kemikali iitwayo linamarini, na ndugu yake mdogo lotaustralini. Mahali pengine katika seli zilezile kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Maadamu seli ni nzima, viwili hivyo havikutani. Seli zinapovunjwa, kwa kutafunwa na mnyama, kutwangwa au kuvunda, kimeng'enya huifikia linamarini na kuivunja, na katika hatua ya mwisho hutoka gesi ya sianidi. Huu ni ulinzi wa mmea dhidi ya walaji wake.

Siri ya mpishi ni kuugeuza ulinzi huo. Sianidi huchemka katika jotoridi la nyuzi 26 hivi za selsiasi, kwa hiyo ikiachiliwa mahali penye hewa huruka na kutoweka. Mpishi huivunja mizizi, huiachia sumu itoke mapema, huisubiri iondoke, ndipo humwita mlaji. Hapa ndipo panapoonekana jambo linalowashangaza wengi: kuuchemsha muhogo mchungu mzima hakutoshi. Moto mkali hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi yake, na linamarini hubaki ndani ya mzizi uliopikwa. Maji ya mtungini yasiyo na moto, yakipewa siku tatu au nne, hufanya kazi ambayo sufuria inayotokota haiwezi kuifanya.

Mwili nao una kinga yake. Kiasi kidogo cha sianidi hubadilishwa kuwa thiosianeti na kutolewa kwa mkojo, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini: samaki, nyama, mayai, kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa au maharage ana akiba ya kujikinga. Anayeula kwa majani peke yake, siku baada ya siku, akiba hiyo humwishia. Aidha, thiosianeti ikizidi huzuia matumizi ya madini joto mwilini, na katika sehemu zenye upungufu wa madini hayo huchangia ugonjwa wa rovu. Ni dhahiri, basi, kwamba sumu ya muhogo ina pande mbili: kile kilichomo katika unga, na kile kinachokosekana katika kitoweo.

Maneno ya Jikoni Kama Hifadhi ya Maarifa

Kiswahili na lugha jirani zake zina majina mbalimbali ya muhogo uliotayarishwa, na kila jina ni muhtasari wa njia yake. Makopa ni vipande vya muhogo uliomenywa na kuanikwa juani mpaka ukakauka kabisa. Udaga, neno linalosikika sana katika Kanda ya Ziwa, ni muhogo uliomenywa, ukarundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa hadi ukaota ukungu, ukaparwa, ukapondwa na kuanikwa. Kivunde ni muhogo uliolowekwa katika maji hadi ukalainika, kisha ukakaushwa. Bada ni ugali unaosongwa kwa unga wa muhogo.

Mtu asiyezoea angeweza kuyaona maneno haya kuwa visawe vya sehemu mbalimbali. Kikemia si visawe hata kidogo. Katika makopa seli nyingi hukauka zikiwa nzima, hivyo sehemu kubwa ya linamarini hubaki. Njia hiyo inafaa kwa muhogo usio mchungu sana, tena ikipewa muda wa kutosha. Katika udaga, ukungu huzilainisha na kuzivunja seli, na sumu hupungua zaidi. Katika kivunde, maji na vijidudu vya uchachu huzivunja seli karibu zote, na sumu hupungua kuliko katika njia nyinginezo. Kwa hiyo anayesema "hiki ni kivunde" anatoa pia, pengine bila kukusudia, habari kuhusu usalama wa chakula.

Vitenzi navyo vinastahili kuangaliwa. Kitenzi -vunda hueleza jambo linalotokea lenyewe: nyama imevunda, samaki amevunda. Kitenzi -vundika hueleza jambo linalokusudiwa: ndizi huvundikwa ili ziive, muhogo huvundikwa ili ulainike. Lugha imetenganisha kuoza kwa hasara na kuoza kwa faida. Vilevile -lowa ni hali, na -loweka ni tendo la mtu. Ukiviweka pamoja vitenzi -loweka, -vundika na -anika, utaona kwamba vyote vina mwisho wa -ika au -eka, lakini mwisho huo si ule wa kutendeka unaopatikana katika -vunjika au -someka. Ni kiambishi kingine cha kale cha Kibantu, kinachoonekana pia katika -funika na -tundika, chenye maana ya kukiweka kitu katika hali fulani. Na kitu kilichowekwa hivyo huachwa humo kwa muda wake. Hatua tatu zinazomwokoa mlaji wa muhogo mchungu zinatajwa kwa vitenzi vya kuweka na kusubiri.

Majani ya muhogo yanatoa mfano mwingine. Kisamvu, kiitwacho sombe katika Kiswahili cha Kongo, hutokana na majani ambayo kwa kawaida yana sumu nyingi kuliko nyama ya mzizi. Hata hivyo majani hayo ni chakula cha kila siku, kwa sababu hakuna mpishi anayeyapika bila kuyatwanga. Kinu huvunja seli, kimeng'enya kilichomo kwa wingi katika majani hufanya kazi upesi, na sufuria iliyo wazi huifukuza gesi. Katika sehemu za Tanzania hupikwa pia kisamvu cha mpira, yaani majani ya mti wa jamii ya muhogo ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake, hasa katika mashamba ya Tanga, kabla biashara hiyo haijaporomoka mwaka 1913. Wenye mashamba waliona mpira tu. Wapishi walitambua undugu wa mmea huo na muhogo, wakaupelekea kinu kilekile. Mpira wa Wajerumani uliisha. Kisamvu chake kinaendelea kuliwa.

Kwa Nini Uchungu Ulipendwa

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa muhogo mtamu upo, kwa nini watu waendelee kupanda mchungu? Jibu la haraka, kwamba hawana ujuzi wa mbegu bora, halikubaliani na ushahidi. Utafiti uliofanywa na Linley Chiwona-Karltun na wenzake nchini Malawi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wanawake waliziainisha aina za muhogo kwa uangalifu mkubwa na kuuchagua mchungu kwa sababu zinazoeleweka. Muhogo mchungu haung'olewi ovyo na mwizi, kwa kuwa hauliwi papo hapo. Nguruwe mwitu na nyani huuogopa kuliko mtamu. Hukaa ardhini kwa muda mrefu kama ghala lisilohitaji paa, na unga wake husifiwa. Kwa mwanamke anayelima mbali na nyumbani, uchungu ni uzio ambao hakuulipia.

Watawala nao walikuwa na sababu zao. Serikali za kikoloni katika Afrika Mashariki ziliuona muhogo kuwa kinga dhidi ya njaa, kwa kuwa hustahimili ukame na mizizi yake hujificha chini ya ardhi wakati nzige wanapomaliza nafaka. Kwa hiyo zilihimiza, na mara nyingi zililazimisha kwa sheria ndogo, kila kaya iwe na shamba la muhogo. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, wataalamu walishughulika tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950 na kuzalisha mbegu zinazostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Baada ya uhuru, kampeni ya Tanzania ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975 ilirudia mwito wa kupanda mazao yanayostahimili ukame.

Sera hizo ziliokoa maisha, na haifai kuzibeza. Lakini zote zilipima shamba. Zilihesabu mashina yaliyopandwa. Hazikuhesabu siku za kuloweka. Zilidhani kwamba chakula kimepatikana pale muhogo unapokomaa, ilhali kwa muhogo mchungu kukomaa ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili iliachiwa kazi ya wanawake, na kazi hiyo haikuandikwa katika taarifa za bwana shamba.

Miaka ya Haraka

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alichapisha maelezo ya ugonjwa ulioonekana katika eneo la Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo ya Wabelgiji. Watu waliolala wazima waliamka au kusimama wakakuta miguu yao imekakamaa. Akili yao ilikuwa timamu, maumivu yalikuwa kidogo, na ugonjwa haukuendelea kuwa mbaya zaidi; lakini haukurudi nyuma. Wayaka wa eneo hilo waliuita konzo, jina linalohusishwa na miguu iliyofungwa. Waliouona ugonjwa kwa karibu waliupa jina la tanzi kabla sayansi haijaupa sababu.

Sababu hiyo ilikuja kuchunguzwa kwa kina baada ya msiba wa Msumbiji. Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula, zaidi ya watu 1,100 walipatwa na ulemavu wa namna hiyo, ambao wenyeji waliuita mantakassa. Waathirika wengi walikuwa watoto na wanawake. Nchi ilikuwa katika ukame na vita, na mwanzoni ilihofiwa kwamba huenda ni maambukizi mapya au hata silaha ya kemikali. Madaktari waliokuwa wakifanya kazi nchini humo, miongoni mwao Julie Cliff na Hans Rosling, walifuatilia mpaka jikoni. Walikuta kwamba ukame ulikuwa umeua mazao mengine na kuacha muhogo mchungu peke yake. Kwamba muhogo uliokulia katika ukame huwa na sumu nyingi zaidi. Kwamba kunde na samaki, vyenye ile salfa ya kuukinga mwili, vilikuwa vimetoweka. Na kwamba wenye njaa hawakuweza kusubiri majuma ambayo kukausha kunahitaji.

Tanzania haikusalimika. Uchunguzi wa William Howlett na wenzake, uliochapishwa mwaka 1990, ulieleza wagonjwa 39 wa konzo katika eneo la mashambani lililokumbwa na ukame kaskazini mwa nchi. Kusini, katika wilaya ya Masasi, Nicholas Mlingi na wenzake walichunguza kisa cha watu kudhurika ghafla baada ya kula ugali katika kipindi cha upungufu wa chakula mwaka 1988. Kawaida ya huko ilikuwa makopa, yanayohitaji majuma ya jua. Njaa ilipobana, watu waligeukia njia ya mkato iitwayo chinyanya: muhogo mbichi hutwangwa, huanikwa kidogo, hutwangwa tena na kuanikwa tena, na unga hupatikana siku hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wapya wa konzo walionekana tena mkoani Mtwara.

Kisa cha chinyanya kinastahili kutafakariwa. Njia hiyo ilikuwa na jina. Hii ina maana kwamba jamii iliitambua kuwa kitu tofauti na makopa, na kwamba aliyeitumia alijua kuwa anapita njia nyingine. Methali husema haraka haraka haina baraka, na kwa kawaida methali hiyo humlaumu mwenye haraka. Lakini mama ambaye watoto wake hawajala tangu jana hakuichagua haraka. Haraka ilimkuta nyumbani. Kumwambia kwamba hakuzingatia taratibu ni kumfundisha jambo analolijua kuliko mwalimu wake.

Njaa si chanzo pekee cha haraka. Katika eneo la Bandundu nchini Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Thorkild Tylleskär na wenzake waliona, katika utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba konzo ilijitokeza pia mahali ambapo barabara ya lami ilikuwa imejengwa kuelekea Kinshasa. Barabara ilileta malori, malori yalileta wanunuzi, na muhogo ukawa njia kuu ya kupata fedha. Kuloweka kulikochukua usiku tatu kukafupishwa hadi usiku mmoja au miwili, ili mzigo usikose gari. Sehemu ya unga huohuo ilibaki kijijini na kuliwa. Kwa hiyo kile kinachoitwa maendeleo na kile kinachoitwa janga vilifanya kazi moja: vyote viwili vilipunguza usiku wa mtungi.

Soko, Unga na Kilichopotea Njiani

Katika kijiji ambamo mtu anaula muhogo alioulima na kuuloweka mwenyewe, anajua idadi ya siku zilizopita. Unga unapoingia sokoni, siku hizo hazionekani. Unga mweupe uliolowekwa siku nne na unga mweupe wa chinyanya hufanana katika gunia. Mwezi Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu 98 walidhurika kwa sianidi iliyokuwamo katika unga wa muhogo, na wawili kati yao walifariki. Miongoni mwa wa kwanza kuugua walikuwamo watu waliokuwa wamehudhuria mazishi. Walioupika ugali huo hawakukosea kusonga. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika mahali wasipopaona, na hapakuwa na neno lolote kwenye gunia la kuwaonya. Viwango vya kimataifa vya Codex vimeweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi katika kilo moja ya unga wa muhogo, lakini kikomo hicho hakiwezi kusomwa kwa macho wala kuonjwa kwa uhakika kwa ulimi.

Ni jambo la kutia moyo kwamba mojawapo ya dawa zilizofanikiwa imetoka katika mantiki ileile ya jikoni. Katika miaka ya 2000, Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alionyesha kwamba unga wa muhogo uliokwisha sagwa unaweza kupunguziwa sumu kwa kulowanishwa, kutandazwa safu nyembamba na kuachwa kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha kusongwa ugali siku hiyohiyo. Maji hukiamsha kimeng'enya kilichosalia, na hewa huichukua sianidi. Mwaka 2010 na 2011, wanawake wa kijiji kimoja katika eneo la afya la Popokabaka, katika Bandundu hiyohiyo, walifundishwa njia hiyo wakaitumia, na katika kipindi hicho hakukutokea wagonjwa wapya wa konzo. Mkeka, maji na saa chache za kusubiri vilitosha, mradi saa hizo zipatikane.

Hitimisho

Mambo mawili yanajitokeza kutokana na historia hii. La kwanza ni kwamba chakula chenye sumu si lazima kiwe chakula cha watu wasiojua. Katika Afrika Mashariki na Kati, muhogo mchungu ulipokewa na watu waliouelewa, ukatengenezewa njia, majina na vitenzi, na kwa vizazi vingi ukalisha zaidi ya ulivyodhuru. Konzo ilitokea pale mnyororo wa siku ulipokatwa na nguvu zilizokuwa nje ya uwezo wa mpishi. Kwa hiyo kampeni inayomfundisha mpishi kuloweka bila kuuliza ni nani aliyemnyima siku za kuloweka inafanya nusu ya kazi.

La pili linawahusu hasa wanafunzi na wataalamu wa lugha. Kamusi zetu huyaeleza maneno kama makopa na udaga kwa kutaja kitu kinachopatikana mwishoni: vipande vya muhogo mkavu, au muhogo uliovundikwa na kukaushwa. Mara chache huonyesha ni siku ngapi, katika maji au kwenye kivuli, kwa muhogo wa aina gani. Upungufu huo ulikuwa mdogo wakati msomaji wa kamusi alikuwa na bibi wa kumwuliza. Leo kijana wa mjini hukutana na udaga kwa mara ya kwanza katika mfuko wa duka, na neno ndilo limebaki kuwa shahidi wa namna ulivyotengenezwa. Kuzikusanya istilahi hizi pamoja na siku zake, wilaya kwa wilaya, kabla wanaozijua hawajatoweka, ni kazi ya leksikografia. Ni kazi ya afya ya jamii vilevile, na aliye katika nafasi nzuri ya kuianza ni mtafiti atakayekaa karibu na kinu na kuuliza, kwa kila neno analopewa, muhogo ulisubiri usiku mngapi.